Mbao za Paini na Mahali Zilikokulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chukua mbao mbili za paini zenye kipimo kimoja na rangi inayokaribiana. Zilaze juu ya matofali, usimame katikati. Moja inatulia, nyingine inabonyea. Zote ni paini, ila kila moja ilikulia kwake. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi kuhusu jambo hili na mafundi, wanafunzi wa ujenzi na watu wanaojijengea. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine jibu lake ni fupi.

Je, mti wa aina ile ile unaweza kutoa mbao imara huku na dhaifu kule?

Ndiyo. Mfano ulio wazi uko Ulaya, kwenye paini ambayo wataalamu huiita Pinus sylvestris na ambayo huota kuanzia Scotland hadi Siberia. Mbao za kujengea Ulaya hupewa madaraja ya nguvu yanayoandikwa kwa herufi C na namba: C16, C24 na kuendelea. Namba hiyo ni nguvu ya mbao inapopindwa, kwa niutoni kwa milimita mraba, tena imewekwa kwa tahadhari: kati ya mbao mia, tisini na tano zinatarajiwa kuifikia au kuipita.

Kanuni za Uingereza za kukagua mbao kwa macho zina madaraja mawili, GS (la kawaida) na SS (la juu yake). Paini iliyoagizwa kutoka kaskazini na mashariki mwa Ulaya ikipita SS huhesabiwa C24, ikipita GS huhesabiwa C16. Paini iliyokulia Uingereza kwenyewe ikipita kanuni hizo hizo, SS yake ni C22 na GS yake ni C14. Mkaguzi anaweza kuwa mmoja na vifundo vikapimwa kwa rula moja, lakini daraja likatofautiana, kwa sababu mbao hizo zilipovunjwa maabara zilionyesha tofauti ambayo jicho haliioni.

Mahali huingiaje ndani ya mbao?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukikata shina la paini utaona pete ndani ya pete. Kila pete ni msimu mmoja wa kukua, na ukiitazama kwa karibu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni nyeupe na laini, iliyojengwa mwanzoni mwa msimu mti ulipokuwa na haraka ya kupandisha maji; seli zake ni pana na kuta zake ni nyembamba. Ya pili ni nyeusi na ngumu, iliyojengwa mwishoni mwa msimu. Seli zake ni finyu na kuta zake ni nene. Hii nyeusi huwa na uzito wa mara mbili au zaidi ya ile nyeupe kwa ujazo ule ule, nayo ndiyo inayobeba.

Basi jiulize: mahali fulani panampa mti muda gani wa kujenga sehemu nyeusi? Kama mvua inaendelea kunyesha hadi mwisho wa msimu na joto bado lipo, mti unaendelea kuzinenepesha kuta za seli. Kama msimu umekatika ghafla kwa baridi au ukame, sehemu nyeusi inabaki uzi mwembamba. Kusini mwa Marekani jambo hili linaonekana vizuri kwenye paini ya loblolly, Pinus taeda: miti ya uwanda wa pwani ya Atlantiki, kusini mashariki, kwa wastani ina mbao nzito kuliko ile iliyo kaskazini na magharibi mwa eneo lake.

Joto lina nafasi yake pia. New Zealand ni nchi ndefu iliyonyooka kutoka kaskazini penye joto hadi kusini penye baridi, na imepandwa Pinus radiata karibu kila upande. Ni kama jaribio lililopandwa ardhini. Matokeo yake yanajulikana: uzito wa mbao kwa ujazo hupungua kadiri unavyokwenda kusini, na hupungua tena kadiri unavyopanda milimani. Radiata ya kaskazini kwenye joto ndiyo nzito.

Lakini si husemwa paini ya nchi za baridi ndiyo imara?

Husemwa, na si kweli kama kanuni. Hiyo New Zealand niliyoitaja inaonyesha kinyume chake. Hata Skandinavia kwenyewe, ukipanda kaskazini mno, kiangazi kinakuwa kifupi hivi kwamba mti haupati nafasi ya kujenga sehemu nyeusi ya kutosha, na uzito wa mbao unashuka badala ya kupanda.

Sifa ya mbao za Sweden na Finland ni ya haki, ila chanzo chake kimeeleweka vibaya. Paini za huko huachwa miaka 80, 100 na hata zaidi kabla ya kukatwa. Hukua zikibanana, kwa hiyo matawi yake ni membamba na vifundo ni vidogo. Radiata ya kupandwa hukatwa ikiwa na miaka 25 hadi 30 hivi. Mtu akilinganisha hizo mbili akasema "ni baridi", amesahau umri. Baridi imechangia kwa mlango wa nyuma, kwa kuuchelewesha mti usifikie unene wa kupasuliwa hadi umri umeenda.

Pete nyembamba si ndiyo dalili ya mbao imara?

Ni nusu ya dalili. Pete nyembamba ambazo karibu zote ni nyeupe hazina faida yoyote. Wakaguzi wa paini ya kusini mwa Marekani walilitambua hili zamani, na kanuni yao ya kuiita mbao "nzito" inahesabu vitu viwili kwa pamoja: pete zisizopungua 6 kwa inchi na sehemu nyeusi isiyopungua theluthi moja, au pete 4 kwa inchi mradi sehemu nyeusi ifike nusu. Yaani pete pana zinakubalika endapo weusi wake ni mwingi. Nikishika mbao mkononi, jicho langu huanza na weusi, kisha ndipo nahesabu pete.

"Mbao changa" ni nini, na kwa nini kila mtaalamu anaitaja?

Mbao changa ni ile iliyojengwa na mti katika miaka yake ya kwanza, inayozunguka moyo wa shina. Kwa paini nyingi ni pete 10 hadi 20 za katikati. Haibadiliki kuwa pevu mti ukizeeka. Inabaki pale pale ndani, uchanga wake ukiwa umefungwa na mbao pevu.

Udhaifu wake haupo kwenye uzito peke yake. Ukuta wa kila seli ya mbao umejengwa kwa nyuzi ndogo mno zinazouzunguka kama kamba iliyoviringwa kwenye mti. Katika mbao pevu nyuzi hizo karibu zimesimama wima, sambamba na shina, hivyo ukiivuta mbao unavuta nyuzi zenyewe. Katika mbao changa zimelala kwa pembe kubwa, mara nyingi digrii 30 au zaidi, na ukiivuta inanyooka kama springi. Ndiyo maana mbao changa hubonyea chini ya mzigo mdogo. Pia hunywea kwa urefu inapokauka, jambo ambalo mbao pevu karibu haifanyi. Upande mmoja wa ubao ukiwa mchanga na mwingine mpevu, ubao utajikunja tu, hata ukaushwe kwa uangalifu gani.

Sasa tuone mahali panavyoingia. Uchanga huhesabiwa kwa miaka, hauhesabiwi kwa sentimita. Tuseme pete 12 za kwanza ndizo changa. Mahali penye joto, mvua na udongo mzuri, pete moja inaweza kuwa na milimita 10. Pete 12 ni sentimita 12 kutoka katikati, yaani gogo la mbao changa lenye kipenyo cha sentimita 24. Mahali ambapo pete ni milimita 1.5, miaka hiyo hiyo 12 inatoa kiini chenye kipenyo cha sentimita 3.6 tu. Gogo la sentimita 30 la kwanza karibu theluthi mbili yake ni changa. La pili karibu lote ni pevu. Kama ungenitaka nitaje jambo moja tu linaloeleza kwa nini mbao za maeneo hutofautiana, ningetaja hesabu hii.

Kwa hiyo paini inayokua haraka haifai kujengea?

Inafaa, mradi iachwe ikomae. Tatizo la shamba linalokua haraka ni kishawishi cha kukata mapema, kwa sababu gogo tayari limenenepa. Shamba hilo hilo likipewa miaka kumi zaidi, kila pete inayoongezwa nje ni mbao pevu, tena kwenye mzingo mpana kuliko wote. Mbao za pembeni mwa gogo la namna hiyo hushindana vizuri na za kwingineko. Mimi naona mashamba mengi yanalaumiwa kwa hali ya hewa yake wakati kosa ni kalenda ya kukata.

Kwa nini Marekani ilishusha viwango vya paini yake ya kusini?

Kwa sababu mbao zilipimwa upya zikaonekana zimebadilika. Viwango vilivyokuwa vikitumika vilitokana na majaribio makubwa ya kuvunja mbao yaliyoingizwa kwenye kanuni mwaka 1991. Ziliposhikwa mbao za kizazi kipya, namba zilikuwa chini. Mabadiliko yalianza na vipimo vidogo mwaka 2012, na viwango kamili vikaanza kutumika tarehe 1 Juni 2013. Kwa mbao ya inchi 2 kwa 4 ya daraja la pili, nguvu ya kupindwa inayoruhusiwa kwenye hesabu ilishuka kutoka pauni 1,500 kwa inchi mraba hadi 1,100, na kipimo cha ukakamavu, yaani jinsi mbao inavyokataa kubonyea, kutoka pauni milioni 1.6 kwa inchi mraba hadi milioni 1.4.

Hiyo ni zaidi ya robo ya nguvu, na eneo halikuhama wala mti haukubadilishwa jina. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unatufundisha kuwa "mbao ya mahali fulani" ina tarehe. Mtu anayesimulia nguvu za paini ya kusini aliyoiona kwenye ghala la karne ya 19, ile ya longleaf iliyokua mamia ya miaka porini, anasimulia mbao ambayo leo ni nadra kuipata sokoni.

Kipi kina uzito zaidi, aina ya paini au mahali?

Aina huanza. Paini, au misonobari kama wengine wanavyopenda kusema, ina spishi zaidi ya mia, na pengo kati yao ni kubwa. Kwenye kanuni za usanifu za Marekani, paini za kusini huhesabiwa kuwa na uzito wa 0.55 ukilinganisha na maji, na paini nyeupe ya mashariki 0.36. Hakuna bonde wala mlima utakaoifanya ile nyeupe ifikie ile ya kusini.

Ndani ya spishi moja, sasa, ndipo umri na mahali vinashika usukani. Pinus caribaea ya misitu ya asili ya Belize, Honduras na Nicaragua imejulikana tangu zamani kwa mbao nzito zenye utomvu mwingi. Mti huo huo ukipandwa shambani kwingineko kwenye tropiki na kukatwa ukiwa kijana, mbao yake ni nyepesi mno kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni mti mwingine.

Mwinuko wa ardhi una athari gani?

Kupanda mlima ni kama kwenda mbali na ikweta: joto linapungua na msimu unafupika. Radiata huonyesha hivyo waziwazi. Kwenye tropiki hakuna majira ya baridi ya kuusimamisha mti, kwa hiyo pete hufuata mvua na kiangazi, na mahali penye mvua mwaka mzima pete zinaweza zisionekane vizuri kabisa. Hapo kuhesabu pete kwa inchi kunapoteza maana.

Na vifundo? Navyo vinatokana na mahali?

Kwa sehemu tu, na nusu yake ni mkono wa mtu. Kifundo ni tawi lililomezwa na shina. Mti uliopandwa mbali na wenzake, wenye jua pande zote, unaotesha matawi manene na kuyashikilia miaka mingi. Miti iliyobanana huyaua matawi ya chini yangali membamba. Kwa hiyo maeneo mawili yenye hali ya hewa moja yanaweza kutoa mbao tofauti kabisa kwa sababu ya nafasi kati ya mti na mti, na kwa sababu ya kupogoa.

Hili si dogo. Mbao nyingi zinazovunjika kwenye mashine ya majaribio huvunjika penye kifundo au kando yake, mahali ambapo nyuzi zimelazimika kuzunguka. Kifundo kilicho ukingoni mwa mbao, upande unaovutwa, ni kibaya kuliko kilicho katikati.

Mahali penye upepo mkali au mteremko huongeza balaa lingine. Mti ulioinama hujenga mbao nzito, yenye wekundu, upande wa chini ili ujinyanyue. Ni nzito, lakini usidanganyike na uzito huo: nguvu yake hailingani nao, hunywea kwa urefu, na huweza kukatika ghafla bila kutoa onyo la kupasukapasuka.

Nikijua mbao imetoka wapi, naweza kuamua ukubwa wa mhimili?

Hapana. Jina la eneo linakupa matarajio tu, hesabu inahitaji daraja. Ndani ya shamba moja, hata ndani ya gogo moja, tofauti kati ya mbao iliyotoka karibu na moyo na iliyotoka karibu na gome inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya nchi mbili.

Tafuta muhuri, na uujue unasema nini. C24 inataja nguvu ya kupindwa. MGP10 ya Australia na SG8 ya New Zealand zimepewa namba kutokana na ukakamavu: MGP10 ni gigapaskali 10, SG8 ni gigapaskali 8. Usizipange kwenye mstari mmoja ukadhani 24 inaizidi 10. Mbao za C24 kutoka nchi mbili, kwa upande wake, mhandisi anazihesabu kwa namba zile zile.

Eneo limeshaingizwa kwenye muhuri kabla haujagongwa. Mashine za kupima mbao Ulaya hupangiwa namba zake kulingana na spishi na nchi ilikokulia, na kupangia mbao za eneo jingine kwa namba zisizo zake ni kosa.

Mbao yangu haina muhuri. Nifanyeje?

Kwa kazi inayobeba watu, mpe mhandisi afanye uamuzi. Ila kuchambua mwenyewe, ukaweka kando zile mbaya, kunawezekana.

Tazama ncha kwanza. Ukiuona moyo wa mti, ile nukta ya katikati, ubao huo ni wa mbao changa. Utumie mahali pasipo na mzigo. Tazama upinde wa pete: pete zenye upinde mkali zimetoka karibu na moyo, zilizonyooka zimetoka nje. Kisha pima uzito. Mbao ya milimita 50 kwa 100 yenye urefu wa mita 3 ina ujazo wa mita za ujazo 0.015. Ikiwa imekauka na ina kilo 6.75, msongamano wake ni kilo 450 kwa mita ya ujazo. Ikiwa na kilo 8.25, ni 550. Mbao mbichi itakudanganya kwa maji yake, na yenye utomvu mwingi itakudanganya kidogo pia.

Wenye vifaa hugonga ncha moja na kupima muda wa sauti kufika ncha ya pili. Ukizidisha msongamano kwa mraba wa kasi ya sauti unapata ukakamavu. Mbao ya kilo 450 ambamo sauti inakwenda mita 4,500 kwa sekunde ina gigapaskali 9 hivi; ambamo inakwenda mita 3,500 ina 5.5 tu, ingawa mizani inasema zinalingana. Pengo hilo ndizo zile nyuzi zilizolala kwenye mbao changa, na ndiyo sababu siutegemei uzito peke yake.

Unyevu unaweza kufunika tofauti za maeneo?

Unaweza. Mbao ikikauka chini ya asilimia 28 au 30 ya unyevu huanza kupata nguvu na ukakamavu. Ukilinganisha mbichi ya eneo moja na kavu ya eneo jingine, unalinganisha maji. Maabara hulinganisha zikiwa na asilimia 12.

Paini ya eneo lenye mbao imara haihitaji dawa?

Inahitaji kama nyingine. Nguvu na kustahimili kuoza au mchwa ni mambo mawili tofauti, na sehemu ya nje ya shina la paini, iliyo chini ya gome, haistahimili popote ilipokulia.

Naweza kuchanganya mbao za maeneo mawili kwenye paa au sakafu moja?

Kama zina daraja moja na zimekauka sawa, ndiyo. Kama hazina daraja, zichambue kwanza kwa ukakamavu, kwa sababu mihimili iliyopangwa sambamba chini ya sakafu moja haigawani mzigo kwa usawa: iliyo kakamavu inabeba zaidi, laini inabonyea, na mtu anayetembea juu anahisi wimbi chini ya miguu. Weka za kundi moja chumba kimoja. Zilizo laini zipeleke penye nafasi fupi kati ya nguzo na nguzo au kwenye pao, na zile zenye moyo wa mti usizitumie kabisa kwenye sehemu ya chini ya kenchi, ambako mbao inavutwa mchana na usiku.